Juma la Maji ya Mti

Mwezi wa tatu huku Vermont, kaskazini mwa Marekani, ni mwezi wa matope na mvuke. Usiku kunaganda, mchana kunayeyuka, na miti ya sukari inaanza kutoa maji. Lucien Gadbois ana msitu wa miti hiyo nyuma ya nyumba yake. Anaitoboa, anaunganisha mipira ya kupitishia maji, na maji yanateremka yenyewe mpaka bandani. Humo tunayachemsha kwenye karai refu la bati mpaka yawe shira nzito. Mimi ni kibarua wake, nakaa kwake, na kazi yangu ni kutia kuni. Nimefanya kazi nyingi katika nchi nyingi, na hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote, maana ina joto na inanukia.

Shira ni ya msimu tu. Kazi ya Lucien ya mwaka mzima ni basi la shule. Asubuhi anawakusanya watoto wa barabara yetu, mchana anawarudisha. Wengine aliwabeba hata baba zao kabla yao. Anamjua kila mmoja kwa jina, na anajua ni nani hutapika kwenye kona ya daraja.

Tatizo lilikuwa chakula. Msimu wa shira, nyumba nzima inaishi kwa utamu. Asubuhi ni chapati za maji zinazoelea kwenye shira. Mchana ni maharage yaliyopikwa kwa shira. Wageni wakija Jumapili, shira ya moto inamwagwa juu ya theluji, inaganda kama ubani, wanaila kwa donati. Katikati wanatafuna achari ya matango ili kukata utamu, wapate nafasi ya kuanza tena.

Mwaka jana daktari alimwambia Lucien ana kisukari. Akampa vidonge, akamwambia abadilishe ulaji. Vidonge alimeza. Ulaji hakuugusa. Sasa upimaji wa afya wa madereva ulikuwa umekaribia. Sukari ikikutwa juu sana, angenyang'anywa basi.

"Wakininyang'anya basi, nitafanya nini?" alimwuliza mkewe, Verna. "Nikae dirishani nihesabu magari?"

"Magari yenyewe hayapiti," Verna akasema. "Utahesabu kunguru."

Alikuwa anatania, lakini macho yake hayakucheka. Siku ile ile akampigia simu dada yake anayekaa Florida. Alirudi mezani amechangamka.

"Nimepata dawa, mzee. Tutasafisha mwili. Juma moja hakuna kula. Ni maji ya limau, pilipili ya unga na shira basi. Dada amefanya. Anasema uchafu wote unatoka, na ulimi unasahau vyakula vya zamani. Ukimaliza, unaanza upya kama mtoto."

"Na wewe utafunga?"

"Nikuache uteseke peke yako? Niliolewa nawe nikiwa na akili zangu."

Lucien akafikiri. "Maji ya bomba ya nini? Tuna maji ya mti mlangoni. Babu yangu, tangu alipokuwa Quebec kule Kanada, kila masika alikuwa anayanywa kusafisha damu. Tutatia limau humo humo."

"Naona hata dada yangu hakulifikiria hilo," Verna akasema kwa fahari.

Basi wakaanza. Lucien akabeba chupa kubwa ya maji ya mti kila alikokwenda. Nyumbani Verna alimtilia limau, pilipili, na shira ya kutosha. Na kwa kuwa alikuwa anasafisha mwili, aliviweka vidonge vyake kabatini. Alijiambia si busara kusafisha huku unaingiza dawa za kiwandani. Hilo hakumwambia mtu.

Siku za kwanza walijisifu. Mizani ilishuka. Verna aliingia kwenye sketi aliyokuwa ameiacha miaka mingi, akazunguka jikoni ili tumwone. Baadaye wakaanza kununa. Mimi nikikaanga yai langu, Lucien alisimama mlangoni kama mbwa wa jirani.

"Hilo yai umetia siagi?" aliuliza.

"Kidogo."

"Usiniambie."

Mchana mmoja alikwenda nyuma ya banda kuchukua kuni. Akamkuta Verna amejibanza kwenye rundo, ana donati mkononi na nyingine mfukoni mwa aproni.

"Unafanya nini hapa, mama?"

"Naonja. Wageni wanakuja Jumapili. Siwezi kuwapa watu kitu sikijui."

"Na ya mfukoni?"

"Hiyo nilikuwa nakuletea," Verna akasema, uso umemwiva. Lucien akacheka mpaka akaegemea kuni. Wakaila pamoja wamesimama, kisha wakaapa kuanza upya kesho.

Lakini Lucien hakuwa sawa. Alikunywa chupa hadi mwisho na bado ana kiu. Kila mara alikuwa anakwenda msalani. Bandani alikodolea macho kipimo cha joto, akaniuliza kinasoma ngapi, ingawa kilikuwa mbele ya pua yake. Nilidhani ni mvuke.

Siku iliyofuata, akiwa amekwisha kuwashusha watoto shuleni, alirudi na basi tupu. Akiingia kwetu aligonga nguzo ya lango, kioo cha pembeni kikavunjika. Hakushuka. Verna alitoka mbio na ndara za jikoni miguuni.

"Lucien? Umeumia?"

"Sikuiona nguzo," akasema taratibu. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. "Nguzo niliyoichimbia mwenyewe, Verna. Na dakika chache zilizopita nilikuwa na watoto wa watu humu ndani."

 Verna aliingia ndani, akamwita Alma Stannard kwa simu. Alma ni jirani yetu wa ng'ambo ya shamba, na ni nesi wa zahanati ya mji. Alikuja na viatu vyake vya matope na mfuko wake mdogo. Alimkalisha Lucien kwenye kiti, akamchoma ncha ya kidole, akatia tone la damu kwenye kipimo. Alikitazama kwa muda.

"Jirani, sukari yako imepita mara mbili ya kiwango cha kawaida. Umekula nini?"

"Hilo ndilo la ajabu," Lucien akasema. "Sijala kitu. Nasafisha mwili. Ni maji ya mti tu, na shira kidogo."

"Na donati," Verna akanong'ona. "Ilikuwa moja. Kosa langu."

"Donati tutaongea nayo baadaye. Vidonge unameza?"

Lucien akatazama sakafu. Verna akageuka kumtazama.

"Lucien Gadbois," akasema. "Umeacha vidonge?"

"Nilitaka usafi kamili."

Alma akavuta kiti, akakaa karibu naye. Hakumgombeza. "Wewe ndiye fundi wa shira, mimi sijui kitu. Nieleze. Ukiyachemsha maji ya mti kwa muda mrefu, unapata nini?"

"Shira."

"Ukiiacha motoni, ikazidi kukauka?"

"Inakuwa sukari. Unaisaga, unaiweka kwenye kopo."

"Hiyo sukari imetoka wapi? Uliitia wewe?"

Lucien akaitazama chupa yake. "Imo ndani ya maji tangu mwanzo."

"Basi umekuwa ukiinywa kutwa nzima. Glasi moja ina kidogo, kwa hiyo ulimi haushtuki. Lakini wewe hukunywa glasi moja. Na juu yake ukatia shira."

"Lakini hii si sukari ya dukani, Alma. Nimeitoa mtini kwa mikono yangu."

"Damu yako haiulizi imetoka wapi."

"Babu yangu alikunywa."

"Babu yako alikuwa akipasua kuni kutwa kwa shoka, na hatujui kama alikuwa na kisukari. Wewe unacho, na tunajua."

Verna alikuwa ameshika kitambaa cha meza, anakikunja na kukikunjua. "Mimi ndiye niliyemletea mambo haya. Nilitaka aende kwenye upimaji akiwa msafi."

"Verna, mwili wake una wasafishaji," Alma akasema. "Ini linasafisha. Figo zinasafisha. Zinafanya kazi hata tukilala. Hakuna kinywaji kinachozishinda. Ule uzito mlioupoteza, mwingi ni maji. Mkila kawaida siku chache, unarudi."

"Na sketi yangu?"

"Pole, mwenzangu."

Lucien akacheka kidogo, mara ya kwanza siku hiyo.

Alma akaendelea. "Kufunga si kubaya kwa kila mtu. Lakini mtu mwenye kisukari asianze kabla ya kuuliza. Ukiacha dawa, sukari inapanda, ndiyo hii kiu, huu mkojo na huu ukungu machoni. Na kuna dawa nyingine, ukizimeza bila kula, sukari inashuka ghafla. Unatetemeka, unatoka jasho, unaweza kuanguka. Mjamzito naye aulize kwanza, na mwenye ugonjwa wa figo pia. Sasa vaa koti. Daktari akuone leo hii, tusingoje kesho."

Verna aliendesha gari, Alma akakaa nyuma na Lucien. Daktari alimtibu, akamrudishia vidonge vyake, na akamkataza kuendesha basi mpaka sukari itulie. Upimaji ukasogezwa mbele. Lucien mwenyewe aliwapigia simu watu wa shule, akawaeleza ukweli wote. Basi likachukuliwa na dereva mwingine. Asubuhi iliyofuata lilipita mbele ya nyumba, na Lucien alisimama dirishani mpaka likapotea kwenye mteremko.

Jioni Alma akaja tena. Verna alikuwa amekwisha kuzibeba chupa zote za shira na kuzirundika mlangoni.

"Zote zinatoka," akasema. "Hakuna utamu tena nyumba hii."

"Ni kosa lile lile umeligeuza tu," Alma akasema. "Juma moja hamli kabisa, juma lingine mnakatazana kila kitu, halafu mnakutana nyuma ya kuni. Mnataka kuanza upya? Anzeni na sahani. Nipe moja."

Verna akampa. Alma akapitisha kidole katikati.

"Nusu hii ni mboga. Kabichi, karoti, maharage mabichi, chochote mlichonacho ghalani. Nusu iliyobaki igawe tena. Huku yai, samaki, kuku au maharage makavu, bila shira. Huku kiazi au mkate wa unga usiokobolewa. Kula kwa wakati wake, usiruke mlo. Kinywaji ni maji matupu. Vidonge kama daktari alivyosema. Na tembea kila siku."

"Na shira?" Lucien akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa.

"Kijiko kidogo, Jumapili, juu ya chakula. Ukipimie, usimimine."

"Lakini mimi ndiye mpishi. Lazima nionje nijue kama imeiva."

Nilikuwa kando ya jiko, sikuweza kunyamaza. "Mwaka wangu wote wa kwanza hapa, wewe ulinifundisha nisionje. Uliniambia niinue upawa nitazame. Ikidondoka matone, bado. Ikining'inia kama pazia, imeiva."

Verna akamgeukia mumewe. "Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unaonja nini?"

"Nilikuwa nahakikisha," Lucien akasema.

Kazi haikuwa nyepesi. Siku za mwanzo Lucien alikitazama kiazi chake kimoja kana kwamba amefiwa. Verna alijifunza kukaanga kabichi kwa vitunguu na siki, naye Lucien akakiri, bila kulazimishwa sana, kwamba ni tamu. Kila asubuhi, basi likisha kupita, walipanda msituni pamoja kukagua mipira ya maji, Lucien ameshika mkono wa Verna penye theluji laini. Wageni wa Jumapili bado walipata shira yao juu ya theluji. Lucien aliwamiminia kwa upawa, yeye akatafuna achari ya matango peke yake. Alma alikuja kumpima kila mara. Kiu ikaondoka. Macho yakarudi. Akasoma kipimo cha bandani bila kuniuliza.

Msimu ulikwisha, matope yakakauka, majani yakachipua. Siku ya upimaji Lucien alikwenda peke yake. Alikataa kusindikizwa. Verna alibaki nami jikoni akiandaa mboga za chakula cha mchana, na kila gari lililopita alisimamisha kisu.

Lucien aliingia, akavua kofia, akavuta kiti, akakaa.

"Kesho uniamshe mapema," akasema. "Nimepita shuleni kuwaambia watoto wasilichelewee basi, na mimi sitaki kuwa wa kwanza kuchelewa."

Verna hakugeuka. Aliendelea kukata, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Unalia, mama?"

"Vitunguu hivi," akasema. "Vikali."

Lucien akanitazama, nami nikamtazama. Kwenye ubao palikuwa na karoti tupu.

"Ni kweli," akasema, akainuka, akaenda kumshika kiuno. "Vitunguu vya mwaka huu ni vikali sana."