Banafshe Chini ya Mforosadi

Kila alasiri, jua likipungua makali, Maliha alifagia uani. Kila jani lililoanguka kutoka kwenye mforosadi alilizoa na kulitupa nje. Kisha alifungulia mpira wa maji, akayaosha matofali ya uani mpaka yakang'aa. Hapo ndipo mama mkwe wake, Bi Agdas, alipotandika zulia juu ya kitanda cha mbao, wakanywa chai. Katika nyumba ile, usafi ulikuwa heshima.

Lakini chini ya mforosadi palikuwa aibu. Udongo ulikuwa mtupu na mgumu kama tofali. Kiangazi ulitoa vumbi. Mvua ikinyesha, ulitoa tope lililofika mpaka kizingitini. Mahali pengine hilo lingekuwa jambo dogo. Lakini hapa ni Mahallat, mji wa Iran unaoishi kwa maua. Majirani waliwatania. Mmoja alimwambia Jamshid, mume wa Maliha, kwamba angemletea maua ya plastiki, na ayatunze vizuri yasije nayo yakafa.

Jamshid alichoka. Alinunua mifuko sita ya saruji, akasema ataifunika ardhi ile yote mpaka kwenye shina. Maliha alikataa. Alijua mti ule ungekosa maji. Forosadi walizokausha kila mwaka zilitoka hapo, na kivuli chao chote kilitoka hapo.

"Nakupa mpaka Nairuzi," Jamshid alisema. "Mwaka mpya ukifika bila kitu cha kijani hapa, namwaga saruji."

"Mwaga tu," Bi Agdas alisema. "Mke wako akipanda hata jiwe, linanyauka."

Kesho yake Maliha alikwenda kwa jirani yao, Bi Tuba, aliyefanya kazi miaka ishirini kwenye vitalu vya maua. Bi Tuba alikuja, akaugonga udongo kwa kisigino, akauliza maswali. Maliha alimweleza kwamba kila mwaka, karibu na Nairuzi, alinunua maua ya vyunguni na kuyapanda hapo. Kabla ya kiangazi yalikuwa yamekufa. Bi Tuba aliuliza majani ya mti huenda wapi. Aliuliza pia mazulia hufuliwa wapi wakati wa usafi mkubwa wa kuukaribisha mwaka. Maliha alionyesha palepale, chini ya mti.

"Basi usiulaumu mkono wako," Bi Tuba alisema. "Majani ndiyo chakula cha udongo huu, nawe unakitupa nje kila siku. Halafu unaunywesha sabuni. Hata mimi ningekauka."

Alimweleza kwamba maua yale ya vyunguni hupenda jua, na maisha yake ni ya msimu mmoja. Penye kivuli panataka banafshe. Ni mmea mfupi, wenye majani kama moyo na maua madogo ya rangi ya zambarau yanayonukia. Hutambaa, hufunika ardhi, na huishi miaka mingi. Mforosadi ni rafiki yake. Wakati wa baridi mti hauna majani, jua hupenya. Wakati wa joto mti huwa mwavuli.

Ilikuwa vuli, joto limeshavunjika, na huo ndio wakati wa kupanda. Walilegeza udongo juujuu tu, wasikate mizizi ya mti. Bi Tuba alileta magunia ya majani yaliyooza mwaka mzima. Waliyachanganya na samadi kuukuu, wakayatandaza unene wa vidole vinne, mbali kidogo na shina. Kisha walipanda machipukizi arobaini ya banafshe yenye mizizi, kila moja shubiri moja kutoka kwa mwenzake, bila kuufukia moyo wa mche, pale majani yanapochipukia.

Maliha aliacha kumwaga maji hapo kwa mpira. Alimwagilia asubuhi, polepole, kila baada ya siku mbili, mpaka miche iliposhika. Majani yaliyoanguka aliyaacha yawe blanketi jepesi. Yaliyozidi aliyarundika pembeni na kuyalowesha yaoze. Bi Agdas aliona haya. Alilalamika kwamba wageni watadhani nyumba haina mtu mwenye mikono.

Theluji ilianguka, ikayeyuka. Jamshid alipopita uani alitazama ardhi, kisha akatazama mifuko yake.

Wiki tatu kabla ya Nairuzi, Bi Agdas aliliburuta zulia kubwa mpaka chini ya mti, na ndoo ya sabuni mkononi. Maliha alitoka mbio, akasimama mbele yake.

"Mama, nakuomba uiname kwanza."

Bi Agdas aliinama, huku akiyalaani magoti yake. Katikati ya majani makavu aliona vichomozo vya kijani, na ua moja limefunguka. Alilinusa. Kisha akasema kwamba mama yake alikuwa akiyakausha maua haya na kuyachemsha kwa ajili ya kikohozi, na tangu alipoolewa hakuwahi kuinusa harufu ile tena.

Akainuka, akamwita mwanawe.

"Jamshid, lete saruji yako."

Maliha alitanua mikono juu ya miche.

"Nijengee pa kufulia mazulia, kule bombani," Bi Agdas alisema. "Maji ya sabuni yaende mtaroni. Na atakayekanyaga hapa, nitamfua yeye."

Nairuzi ile yalichanua maua kumi na tisa. Kiangazi miche ilirusha vikonyo virefu vya kutambaa, ikashikana mikono. Mvua ziliporudi, tope halikufika kizingitini. Vuli iliyofuata Maliha alikata vikonyo vilivyokwisha kuota mizizi, akajaza mapengo.

Mwaka wa pili ardhi yote ilikuwa zambarau. Wageni wa Nairuzi waliisikia harufu tangu mlangoni. Jamshid aliwazungusha uani, akiwaeleza kwa kirefu jinsi alivyopanda.

"Wewe ulipanda saruji," Bi Agdas alisema. "Maua ni ya Maliha."