Siafu wa Ndiva ya Mkomba

Siafu waliingia ndivani kwa safu tatu, wakazama ndani ya tope mpaka migongo ikapotea, na maji yakatokota kama uji. Haukupita muda wakaibukia ng'ambo ya pili, kila mmoja amejaza bonge la matope tumboni, wakapanda ukingo na kwenda kuyatema kwenye matuta ya tangawizi. Ndiva ya Mkomba, bwawa la kale linalokinga maji ya mlimani ili yagawiwe mashambani kwa mifereji, ilikuwa safi. Kazi hiyo zamani ilikusanya kijiji kizima na majembe yake kutwa nzima. Sasa ilikwisha kabla chai haijapoa.

Siafu hawa hawakuwa na damu. Kila mmoja alikuwa mtambo wenye ukubwa wa paka, miguu sita, mdomo wa koleo na mgongo unaokula jua. Walizibua mifereji, wakapalilia, wakachuma mboga na kuzipanga vikapuni. Aliyewaongoza hakuwa na mwili kabisa. Alikuwa akili mnemba, na wanakijiji walimwita Nyapara kwa sababu halali wala hasikilizi udhuru. Nyapara aligawa maji kwa haki mpaka watu waliozoea kushtakiana kwa ajili ya mfereji wakakosa cha kugombania.

Aliyewabuni wote ni injinia Nakijwa Mrindoko, mtoto wa mlima huohuo wa Upare, aliyeshushwa mjini Same kusoma angali mdogo. Same ya wakati huo ilikuwa jiji la maghorofa. Lilipochoka kusubiri chakula cha kuletwa kwa meli kutoka nchi za mbali, lilijifunza kula kutoka kwenye mlima wake. Kila asubuhi vikapu viliteleza kwenye nyaya kutoka mashamba madogo ya huko juu hadi kwenye madirisha ya jikoni, na kila kikapu kilikuwa na kisemeo, kidude kinachomsalimu mlaji kwa sauti ya mkulima wake. Nakijwa alijivunia kisemeo kuliko kitu kingine chochote alichowahi kukitengeneza.

Asubuhi hiyo kikapu chake kilifika kikicheka.

"Hamjambo, watu wa tambarare! Mnavu huu jana umelala kwangu, leo unalala kwenu. Msiuchemshe mpaka ukaomba msamaha!"

Nakijwa alicheka, halafu akanuna. Ile ilikuwa sauti ya Kalebi Mmbaga, baba yake mdogo aliyemwoa marehemu mama yake mdogo, na Kalebi ndiye aliyekuwa amemkalia kooni. Kesho yake ujumbe wa jiji ulikuwa unapanda Mkomba kukubaliana na Nakijwa kuwapeleka siafu kwenye ndiva zote za milima ya Upare. Ilikuwa kazi ya maisha yake. Lakini desturi ya ndiva ni moja: hakuna kinachobadilishwa mpaka kila kaya inayokunywa maji yake itamke kwa kinywa "ndiyo". Kaya nyingine zote zilikwisha kutamka. Kalebi hakusema ndiyo, hakusema hapana, na tangu juzi hakujibu simu.

"Wateja anawachekesha," Nakijwa alikiambia kikapu, "mimi hata salamu yangu hana haja nayo."

Akapanda gari la waya kwenda kumbembeleza.

Mlima ulipendeza macho. Matuta yalinyooka, mifereji ilimeta, migomba ilining'iniza mikungu ambayo hakuna aliyeitolea jasho. Kilichomshangaza ni vijia. Kile cha kutoka kituoni kwenda ndivani kilikuwa kimefunikwa na majani, kwa kuwa siafu hufuata mifereji na watu hawakuwa tena na la kuwapeleka huko. Jirani wa Kalebi, Mama Nanzia, alikuwa kibarazani akijichana nywele. Alimkaribisha kwa furaha iliyozidi kiasi, kama mtu ambaye hajaongea tangu kuche.

"Kalebi? Mbona yupo, mwanangu. Vikapu vyake si vinateremka kila siku?"

"Umemwona lakini, mama?"

Mama Nanzia alishusha chanuo. "Kumwona… Sasa tuonane kwa lipi? Zamani tulikuwa tunaonana kwenye msaragambo." Msaragambo ndiyo kazi ya pamoja ya Wapare, na wa Mkomba ulikuwa wa kusafisha ndiva, kila kaya ikiitwa kwa jina. Mama Nanzia aliliangalia paa la jirani yake, ambalo ungeweza kulifikia kwa jiwe. "Hebu twende wote."

Shambani kwa Kalebi siafu walikuwa kazini. Kando ya nguzo ya waya kikapu kilikuwa kinajazwa, na kisemeo kikawa kinajaribu salamu za kesho.

"Hamjambo, watu wa tambarare! Leo nimeamka na nguvu za kumbeba ng'ombe!"

"Maji," ilisema sauti nyingine kutoka migombani.

Nakijwa alisimama. Sauti mbili zilikuwa za mtu mmoja. Moja ilikuwa imeshiba, ya pili ilikuwa imekauka. Aliifuata ile iliyokauka, na kwenye ukingo wa mfereji akaiona safu ya siafu ikija moja kwa moja, ikikunja kwa upole kwenda kushoto, ikizunguka kitu, kisha ikirudi njiani. Kitu hicho kilikuwa Kalebi. Alikuwa amelala kifudifudi, mguu mmoja umegeukia upande usio wake, mkono umezama mferejini.

"Baba mdogo!"

"Injinia," Kalebi alinong'ona bila kuinua kichwa. "Siafu wako wana adabu. Hawanikanyagi. Wanapita pembeni."

Mama Nanzia alipiga yowe lililosikika mpaka mabondeni, akapiga magoti na kumnywesha kwa viganja. Simu ilimponyoka Nakijwa mara mbili kabla hajaipigia hospitali.

"Tangu lini uko hapa?"

"Tangu juzi. Niliteleza. Nikaita mpaka koo likagoma. Maji nilikuwa nachota kwenye mfereji mpaka mkono ulipochoka, na siku zote ulikuwa safi, hilo siwezi kukunyima." Alivuta pumzi. "Halafu nikamsikia Kalebi pale nguzoni anawachekesha watu wa Same. Nikasema, ama mimi nimeshakufa, ama yule mwenzangu ana afya kunizidi."

Nakijwa alikumbuka. Wakulima walipochoka kurekodi salamu kila siku, yeye mwenyewe ndiye aliyempa Nyapara ruhusa ya kuzitunga kwa sauti zao. Hivyo mtu alikuwa amelala chini na mguu uliovunjika, na jiji zima lilikuwa linamcheka kila asubuhi bila kujua. Hata yeye alikuwa amecheka. Alifungua kibao chake cha kompyuta aone Nyapara aliandika nini juu ya siku zile, akakuta maneno machache: *Kizuizi laini karibu na mfereji. Kimezungukwa. Hakuna upotevu.* Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Yowe la Mama Nanzia lilikuwa limefanya kazi yake. Watu walitokeza kutoka kila tuta, wengine wakitazamana kama wageni. Waling'oa mlango wa banda, wakamlaza Kalebi juu yake na kuanza kumpeleka kwenye gari la waya, lakini hakuna aliyekumbuka namna ya kutembea pamoja. Huyu alivuta, yule alisukuma, mlango ukayumba.

"Mtaniua nyinyi, si mguu!" Kalebi alifoka. Akaanza kuhesabia mwendo kwa wimbo wa msaragambo, sauti ikikwaruza kama mlango wenye kutu. Mmoja akaitikia, kisha wa pili, na kufika kituoni walikuwa wanakwenda mguu mmoja.

Kesho yake ujumbe wa jiji ulikaa kwenye nyasi za ukingo wa ndiva. Uliongozwa na Bi Namsifu, msimamizi wa chakula cha jiji, mama mpole asiyependa maneno mengi. Kalebi alisikika kwa simu kutoka kitandani hospitalini.

"Kaya ya Mmbaga inasema ndiyo," alitangaza. Watu wakaguna kwa mshangao. "Mnaguna nini? Mfereji ule umeniweka hai. Nilichokuwa nakataa siyo siafu. Mimi nakataa kukaa mwenyewe, ila sikujua namna ya kulisema mbele ya injinia bila kuonekana mshamba."

Bi Namsifu alimgeukia Nakijwa. "Basi, injinia. Kilichobaki ni neno lako."

Lilikuwa ndilo neno alilolisubiri miaka yote. Nakijwa alilitamani, lakini alitanguliza jingine.

"Nina sharti, bibi. Kila mwandamo wa mwezi, siafu wa kila ndiva wazimwe siku moja. Watu washike majembe wenyewe, kila kaya na mtu wake, na majina yaitwe."

"Unataka kuzima mashine nzima?" Bi Namsifu aliuliza taratibu. "Wafundishe tu kumtambua mtu aliyeanguka."

"Nimeshawafundisha jana ileile. Na salamu za kutungwa nimezifuta. Asiyeongea, kikapu chake kiteremke kimya. Lakini siafu akimkuta mtu ameanguka, atamwita nani? Jirani ambaye hata kijia cha kwenda kwake kimeota majani?" Aliinamisha macho. "Nilihesabu kazi ya kutoa tope, bibi. Kazi ya kuitana majina sikuihesabu, kwa sababu mimi niliondoka hapa kabla sijaitwa. Bila sharti hili siafu wangu wabaki Mkomba peke yake."

"Siku hiyo jiji litakula nini?"

"Watakula watakachokuja kukichuma," alidakia Mama Nanzia. "Gari la waya si linapanda pia? Waje na majembe, tutawalisha."

Bi Namsifu alivua viatu, akaingiza kidole cha mguu majini na kukitoa haraka. "Ni ya baridi," alisema. "Mnihesabu na mimi."

Mwezi ulipoandama, siafu walipangwa ukingoni wamezimwa, wametulia kama viatu nje ya msikiti. Watu walijaa. Wengine walikuwa wa Same, wenye majembe mapya na viganja laini, wakiwaangalia kwa haya wakulima ambao mboga zao walizila miaka na sura zao hawakuzijua. Kalebi alisimama juu ya jiwe kwa magongo mawili na kuita kaya kwa wimbo, bila karatasi, na kila aliyeitwa alijibu kwa kupiga jembe tope. Asiyejibu huitwa mara tatu. Akizidi kukaa kimya, aliye karibu huacha jembe na kumfuata nyumbani. Kama alikuwa mzima, faini yake ni sufuria ya makande kwa wote.

"Kaya ya Mama Nanzia!"

Kimya.

"Mama Nanzia!"

Nakijwa hakungoja wito wa tatu. Kibao kiunoni kilikuwa na maelezo yote ya shamba la yule mama, lakini hakukigusa. Alikimbia kwa kile kijia, ambacho sasa kilikuwa kimefyekwa, akaupiga mlango kwa viganja viwili vyenye matope.

Mama Nanzia alifungua akiwa na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama.

"Nini tena, moto? Mtu hawezi kujipamba siku ya wageni?"

Nakijwa aliegemea mwimo wa mlango, akacheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Mama Nanzia alilalamika kuhusu makande atakayodaiwa, akajifunga kitambaa, wakateremka wameshikana mikono.

Katikati ya kijia walikutana na Bi Namsifu anapanda kwa haraka, miguu mitupu, sketi imelowa mpaka magotini, anahema. Nyuma yake walikuja watu wengine wawili.

"Tumempata," Nakijwa alimwambia. "Mzima, alikuwa anasuka. Rudini tu."

"Hatukuja kumtafuta yeye," Bi Namsifu alisema akijishika kiuno. "Kalebi ameita kaya ya Mrindoko mara tatu, hujaitika."

Nakijwa aligeuka kuelekea ndivani. Kutoka chini, sauti ya Kalebi ikapanda tena na jina lake, na safari hii aliitika kwa nguvu zake zote, mpaka mlima ukamrudishia.

"Umechelewa!" Kalebi alijibu kwa furaha. "Sasa ni sufuria mbili za makande, injinia!"