Dhahabu ya Uani kwa Mama Mng'aro

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Mama Mng'aro alifagia ua wake. Alianza mlangoni, akalizunguka banda la kuku, akamalizia kwenye kichanja cha vyombo. Ua ule ulikuwa laini kama mkeka. Mvua ikinyesha, majirani wengi walikanyaga matope. Kwake mgeni aliingia na viatu vyeupe na kutoka navyo vyeupe.

Na sufuria zake? Hizo ndizo zilizompa jina. Zilipangwa kichanjani kwa ukubwa, kuanzia ile ya harusi mpaka kile kisufuria cha uji wa mtoto. Jua likizipiga, mpita njia anafumba macho.

Jirani yake, mshonaji nguo, alikuwa hachoki kumchokoza.

"Shoga, niambie basi, unasugulia nini?"

"Mikono."

"Mikono hata mimi ninayo. Tena miwili."

"Yako ni ya cherehani," alijibu Mama Mng'aro. "Kila mkono na kazi yake."

Wakacheka, na siri ikabaki pale pale.

Siri yenyewe ilikuwa nyuma ya kilima. Huko kulikuwa na mgodi wa zamani wa dhahabu, ulioachwa kabla Mama Mng'aro hajazaliwa. Mashimo yake yalifunikwa kwa mbao zilizooza. Pembeni lilibaki lundo kubwa la mchanga wa kijivu, laini kama unga. Ni mawe yaliyosagwa zamani, yakatolewa dhahabu, mabaki yakamwagwa. Ubao wenye kutu ulisema: HATARI. USIINGIE. Lakini ubao hauna mikono ya kumshika mtu. Mama Mng'aro alipenya kwenye uwazi wa ua wa miiba, saa ya jua kali watu wakiwa wamejipumzisha. Alijaza karai, akajitwika, akarudi. Miaka saba alifanya hivyo. Mchanga ule aliutandaza ua mzima. Aliuchanganya na udongo akasiriba sakafu ya jiko. Na kwa sufuria, hakuna sabuni iliyoufikia.

Mumewe alikuwa fundi mwashi, na watu wote walimwita Fundi. Siku nyingi alikuwa kwenye majengo ya watu. Alipouliza mchanga umetoka wapi, mkewe alisema, "Wa kijitoni." Fundi hakuuliza tena. Nyumba ile aliijenga mwenyewe kwa miaka tisa, tofali moja moja, na mke aliyependa kuipamba hakuwa mke wa kuulizwa maswali.

Mwaka huo wakaja watafuta madini. Walitaka kujua kama karibu na ule mgodi wa zamani kumebaki dhahabu chini ya ardhi. Walivaa fulana za rangi ya chungwa. Walitembea kwa mstari ulionyooka, wakahesabu hatua hamsini, wakachimba kishimo kifupi. Udongo waliupitisha kwenye chekeche, wakautia kwenye mfuko mdogo, wakaandika namba. Kisha hatua hamsini nyingine. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke mwenye kofia pana. Watu walimpa jina siku ile ile: Dada Mifuko.

Mstari wao ukapita katikati ya ua wa Mama Mng'aro.

"Hodi hapa!"

"Karibu mwanangu. Msinikanyagie tu nilipofagia."

Dada Mifuko alicheka. Alichuchumaa karibu na jiko, akachota udongo wa juu, akauangalia kiganjani.

"Ni mlaini sana huu. Ni udongo wa hapahapa, mama?"

Mama Mng'aro alimwona mshonaji amesimama uani kwake, masikio yamesimama kama ya sungura.

"Wa hapahapa," alisema. "Ungetoka wapi tena?"

Dada Mifuko akautia kwenye mfuko, akaandika namba, akaaga.

Zikapita wiki tatu. Siku moja dereva wa wale watafuta madini alisimama kuomba maji ya kunywa. Alikunywa kikombe kizima, akajifuta mdomo, akamwambia Fundi, "Mzee, wewe unalalia dhahabu bila kujua. Mfuko uliotoka hapa kwenu umezidi yote."

Dereva alirudi garini. Fundi hakurudi kazini.

Kesho yake aliingia jikoni na sururu.

"Baba Kadogo, unafanya nini?" aliuliza Mama Mng'aro.

"Nachimba. Mfuko ulichotwa hapa penye jiko. Mali iko hapa."

"Na mimi nipikie wapi?"

"Pika nje. Tukitajirika nitakujengea majiko mawili, moja la kupikia na moja la kuonyesha wageni."

Alichimba siku ya kwanza mpaka magotini. Siku ya pili mpaka kiunoni. Siku ya tatu kilichoonekana ni kichwa tu, na kifusi kiliruka nje kama maji ya bata anayeoga. Mafundi wenzake walimtumia salamu kwamba nyumba ya watu inangoja lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Akawajibu nao wangoje. Mtoto wao, Kadogo, mwenye miaka minne, alikaa juu ya kifusi akifinyanga vikombe vya ule mchanga wa kijivu na kulamba vidole.

Siku ya nne Mama Mng'aro aliona ufa. Ulianzia chini ya ukuta wa jiko, ukapanda kwa kujikunja mpaka chini ya dirisha. Aliweka kidole. Kikaingia.

 Alijua kitu ambacho mumewe hakukijua. Udongo uliochotwa siku ile ulitoka kwenye lundo la mgodi. Lakini akisema, atakuwa ameungama uongo wa miaka saba, na ndoto ya mumewe ataizima kama mshumaa. Akinyamaza, nyumba itaanguka. Na Fundi yumo ndani.

Alikuwa bado amesimama hivyo aliposikia sauti mlangoni.

"Hodi! Tumerudi kuchukua udongo mara ya pili. Kipimo kikiwa kikubwa sana, tunahakikisha." Dada Mifuko aliingia, akaona shimo, akaona ufa. Kofia akaivua. "Fundi! Toka humo sasa hivi!"

"Kuna nini? Nimekaribia."

"Umekaribia kufukiwa. Umechimba chini ya msingi wako mwenyewe. Wewe ni mwashi, nani akufundishe?"

Fundi alitazama juu, akauona ufa kwa mara ya kwanza. Alitoka bila kubisha, jasho limemkauka.

Dada Mifuko alipiga magoti ukingoni mwa shimo. Akatazama kwa muda mrefu.

"Angalieni hapa," alisema. "Juu pana rangi ya kijivu, unene wa kiganja. Chini yake ni udongo mwekundu mpaka mwisho. Hazichanganyiki. Ni kama kiraka kimewekwa juu ya nguo." Akageuka taratibu. "Mama, nikuulize tena. Huu wa kijivu ni wa hapa?"

 Mama Mng'aro alimtazama mumewe, akautazama ufa.

"Si wa hapa," alisema. "Ni wa lundo la mgodi. Nimeuleta mimi."

"Si uliniambia ni wa kijitoni?" aliuliza Fundi.

"Hakuna cha kijito, Baba Kadogo. Kijito ni mimi na karai langu."

 Fundi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kwa hiyo hapa hakuna dhahabu?"

"Iko kidogo, kwenye huu wa kijivu," alisema Dada Mifuko. "Watu wa zamani walisaga mawe, lakini dhahabu yote hawakuweza kuitoa. Makombo yalibaki. Mimi nikaja nikapima makombo yao, nikadhani ni ardhi yenu. Kosa ni letu pia. Ningechimba kishimo kirefu zaidi ningeliona tabaka. Nitachukua mifuko miwili sasa, wa juu na wa chini, kila mmoja na namba yake. Maabara itasema."

Kisha macho yake yakamwangukia Kadogo, aliyekuwa na kidole mdomoni.

"Mama, mnyang'anye mtoto mchanga huo. Mnawishe mikono kwa sabuni na maji ya kutiririka. Sasa hivi, tafadhali."

Mama Mng'aro alimwosha mtoto haraka. 

"Una nini mchanga huu?"

"Una sumu. Mawe yenye dhahabu mara nyingi huwa na sumu ndani yake inayoitwa aseniki. Likiwa jiwe zima, imefungwa. Likisagwa, imefunguliwa. Tena wachimbaji wa zamani walitumia zebaki kukamata dhahabu, na nyingine hubaki mchangani. Huioni, huinusi. Inaingia kwa vumbi, kwa mikono, kwa chakula. Mtoto inamdhuru zaidi, maana mwili wake ni mdogo na kila kitu anakionja."

"Lakini maji ya kunywa nachemsha!"

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Sumu hii haifi kwa moto."

"Na sufuria zangu nazisugulia huo huo." Mama Mng'aro alikaa chini pale pale. "Basi miaka yote nimewalisha sumu watu wangu."

"Hukujua, mama. Sasa umejua. Kujua ndiyo dawa ya kwanza."

Akawaeleza la kufanya, na Mama Mng'aro akamrudishia kila neno asije akalisahau. Mtoto apelekwe zahanati, na mganga aambiwe wazi habari za mchanga. Sufuria zioshwe kwa sabuni na maji safi, zisisuguliwe tena kwa mchanga ule. Ua usifagiwe mkavu, unyunyiziwe maji kwanza ili vumbi lisiruke. Viatu vibaki nje. Mikono ioshwe kabla ya kula na kabla ya kupika. Kuku wahamishwe. Na mchanga wenyewe uondolewe ukiwa na unyevu, watoto wakiwa mbali, wanaochota wakiwa wamevaa glavu na kuziba pua na mdomo kwa barakoa.

"Nikautupe mtoni?" aliuliza Fundi.

"Hapana! Wala shambani. Hapo utakuwa umempa jirani sumu yako. Urudi ulikotoka, ndani ya uzio. Gari tutaleta sisi."

 Baadaye Fundi akamwambia mkewe, "Mimi nimekasirika, Mama Kadogo. Lakini nikitazama hili shimo, naona hata mimi sikumuuliza mtu. Dereva kaomba maji, mimi nikachukua sururu. Tumetoshana."

Mafundi wenzake walikuja mchana ule ule. Waliegemeza miti kwenye ukuta, wakalijaza shimo kwa udongo mwekundu na mawe, wakishindilia kila tabaka. Walimcheka mpaka machozi. "Mgodi wa Fundi umefungwa rasmi," walisema. "Hakuna kilichoumia ila heshima yake." Fundi alicheka nao. Siku ya pili aliuziba ufa, na wiki iliyofuata akamwaga sakafu ya saruji jikoni.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi kwa Mama Mng'aro. Aliogopa kicheko cha mshonaji kuliko kitu chochote. Lakini alivuka ua, akamkuta kwenye cherehani.

"Jirani, nimekuja kukuambia ninasugulia nini."

Mshonaji alisimamisha gurudumu. Akainamisha kichwa.

"Mchanga wa mgodini," alisema. "Najua. Mwaka wa tatu huu nakufuata nyuma."

"Wewe!"

"Na mke wa kinyozi ananifuata mimi. Unadhani ua wake umekuwa laini kwa maombi?"

Walitazamana. Hawakujua kama wacheke au walie, wakafanya vyote viwili. Kisha wakafunga vitambaa vyao vya kichwa, wakapita nyumba kwa nyumba. Kila walipoingia Mama Mng'aro alianza na makosa yake mwenyewe, ndipo watu wakafungua midomo. Nyumba kumi na moja zilikuwa na mchanga wa lundo. Mzee mmoja alikuwa ameuweka mpaka chini ya godoro, kufukuza kunguni.

Dada Mifuko alikuja na majibu ya maabara. Mfuko wa juu ulikuwa na makombo ya dhahabu, na sumu nyingi. Mfuko wa chini, ule wa udongo mwekundu, haukuwa na kitu.

"Hata chembe?" aliuliza Fundi.

"Hata chembe, Fundi. Na sisi mmetuokoa. Tulitaka kuleta mtambo wa kutoboa ardhi mtaani kwenu. Sasa tumezifuta nyumba zote kumi na moja kwenye ramani, tunakwenda upande wa pili wa kilima, ambako hakuna aliyehamisha udongo. Ila tuna kazi. Yale mashimo ya zamani yanataka kuzibwa na kuzungushiwa ukuta. Tunatafuta mwashi."

"Mwashi aliyechimba chini ya msingi wake?"

"Huyo huyo. Hatarudia."

Gari lilikuja siku tatu mfululizo. Watu walinyunyiza maji, wakachota, wakafunika kwa turubai. Nyua za mtaa zikawa nyekundu tena, zenye mabonde na vikokoto. Wa Mama Mng'aro haukuwa tofauti na wa wengine, na mvua ya kwanza ilipokuja alikanyaga matope kama watu wote.

Zahanati walipima mkojo wa Kadogo mara mbili. Mara ya kwanza mganga alikunja uso. Sumu ilikuwemo, akasema, ingawa imegundulika mapema. Mtoto asiguse tena mchanga ule, ale vizuri, arudi baada ya miezi miwili. Miezi miwili ile ilikuwa mirefu. Mama Mng'aro aliosha mikono ya mtoto mpaka mtoto akasema itakwisha.

Siku ya kurudi, mganga alisoma karatasi, akaisoma tena.

"Imeshuka," alisema. "Imeshuka vizuri sana. Endeleeni hivyo hivyo."

"Sema tena, mganga."

"Imeshuka, mama."

Mama Mng'aro alishukuru, akatoka. Nje alimwinua Kadogo, akamweka mgongoni, akamfunga kwa kanga.

"Mama, nishushe. Mimi mkubwa. Ninajua kutembea."

"Najua unajua kutembea," alisema Mama Mng'aro, na akaanza safari ya nyumbani. "Nyamaza nikubebe."