Maua Kutoka kwa Mpweke

Lifti ilikuwa mbovu. Profesa alipanda ngazi mbio, viatu mkononi, bastola ya Beretta ndani ya mkoba wa chakula.

Mashine ya viziwi sikioni mwake ikakoroma. Hakuwa kiziwi.

"Popo, unanipata?" Ni Mkuu wa Ujasusi. "Mafaili ya wagonjwa wako yanaibwa. Mwizi yumo chumba cha seva."

"Nakupata, Mzee."

"Waziri anayeogopa giza, jenerali anayekojoa kitandani! Siri hizo zikivuka mpaka, watabanwa mpaka waiuze nchi. Walipitia wapi?"

Profesa akapunguza mwendo. "Kwangu."

Maisha yake yote chuoni alifundisha jinsi mtandao unavyochezea akili za watu. Alibuni programu ya ushauri nasaha: wenye dhiki wanaandika, yeye anajibu. Na kila muhula aliuanza hivi: usifungue picha ya mtu usiyemjua.

Asubuhi hiyo alifungua.

Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Hakuna aliyeikumbuka, ila mgonjwa aliyejiita Mpweke. Alituma picha ya maua. Ndani ya maua, kirusi. Kirusi kikazoa nywila yake.

Akavaa viatu. Akasukuma mlango.

Mafundi watatu, makoti meupe, kila mmoja na simu yake mezani. Yupi?

Akamwandikia Mpweke kwenye simu: *Leo siku imenilemea. Upo?*

Programu ilimwonyesha kila herufi: mwenye maumivu huandika, akafuta, akaandika tena. Mpweke hakuwahi kufuta hata herufi. Profesa alilijua hilo zamani, akajitia hamnazo.

Simu ya fundi wa katikati ikatikisika. Vidole vya fundi vikaruka; ilibidi amshughulishe mama Profesa asishtuke hadi diski ijae.

*Nipo daima.*

Alipoinua macho, Beretta ilikuwa shingoni mwake. Profesa akachomoa diski. Ya moto bado.

"Umenijuaje?"

"Unajibu upesi mno. Hakuna anayenijibu upesi." Akasita. "Yale maua, walikuagiza?"

Jamaa akacheka. "Kila kitu, mama. Hata 'umekula?'"

Walinzi wakaingia, wakamkokota.

"Hongera, Popo!" mashine sikioni ikakoroma. "Una watu wa kusherehekea nao?"

"Wamejaa nyumbani, Mzee. Hata viti havitoshi."

Akashuka ngazi taratibu, akipiga mluzi. Getini akatoa simu.

*Asante kwa maua*, akaandika. Akafuta. Akaandika tena.

Akafuta.

Kisha akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akavuka barabara bila kugeuka nyuma.