Mstari wa Mwisho wa Kahambu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, kioo cha laptopu kikawa cheusi.

Masereka akaigonga ThinkPad yake. Wapi! Kwa majuma matatu, kutoka chumba cha gesti mjini Kasese, jasusi huyo alikuwa akisoma kila kilichoandikwa kwenye kompyuta ya bohari moja ya kahawa Bwera. Chini ya magunia ya kahawa zilipita pembe za ndovu. Namba ya lori la leo ilikuwa bado haijaandikwa.

Simu ikatetemeka. Kahambu, karani wa bohari, mzaliwa wa Butembo, mtu wake pekee mle ndani.

"Courant ilikatika. Imerudi. Ordinateur imejiwasha."

"Na ruta?"

"Taa yake inawaka sasa hivi."

Masereka akaelewa. Umeme uliporudi, kompyuta ile ya Linux ilikuwa imewaka kabla ya ruta kuleta mtandao. Programu aliyoitega ijianzishe yenyewe ilitafuta mtandao, ikaukosa, ikafa.

Akamsomea amri ya kuianzisha kwa mkono. Kahambu akaandika. Kioo kikarudi.

"Naweza kutoka?"

"Ngoja. Umeme ikikatika tena tutapoteza lori. Ongeza mstari moja, programu ingojee mtandao kwanza."

"Patron iko anakuya, ndugu."

"Moja tu."

Masereka akaziona herufi zikija moja moja. Kahambu alikosea. Akafuta. Akaandika upya, akahifadhi, akafunga dirisha.

Mlango ukalia. Sauti ya patron, mwenye bohari: "Unaongea na nani?"

Simu ikakatika.

Masereka akanyakua redio, akamwita mkuu wake. "Afande Tefiro, tuma watu Bwera!"

"Hapana. Tukivamia, lori haitoki. Ngoja namba."

"Afande, watamuua!"

"Ngoja namba."

Saa sita umeme ukakatika, ukarudi. Programu ikaungoja mtandao. Kioo kikawaka chenyewe, na mkono mwingine ukaandika namba ya lori.

Saa tisa wanajeshi walilisimamisha lori hilo barabarani Kinyamaseke. Pembe sitini na mbili. Patron alikuwa kiti cha mbele.

Kahambu walimkuta stoo, amekufa. Siri ya kompyuta alikuwa hajawaambia.

"Kazi safi," Tefiro akasema redioni. "Ule mstari ndio ulituokoa."

Masereka akaizima redio. Alipanda boda hadi Bwera, nyumbani kwa Marie-Louise, dada yake Kahambu. Watoto wawili wa marehemu walikuwa wanakula.

"Kahambu iko wapi?" Marie-Louise akauliza.

Njiani alikuwa ametunga maneno ya kishujaa. Yote yalimtoka.

"Aliniomba atoke," akasema. "Ni mimi nilimukataza."

Marie-Louise akamtazama, kisha akawatazama watoto.

"Toka kwangu."

Masereka akatoka. Alitembea wima, bila kugeuka, hata kilio kilipoanza nyuma yake.