Kiti cha Pembeni ya Dereva

Mkanda wa kiti cha pembeni ya dereva ulikuwa umefungwa, na kitini hapakuwa na mtu.

Mke wa fundi umeme aliliona hilo mara tu gari lilipoingia uani. Lilikuwa gari la kijivu, la ukubwa wa kati, limetumika lakini limetunzwa, na dalali alikuwa amewaachia wakae nalo wiki nzima kabla ya kuamua kununua au kurudisha. Dalali mwenye huruma namna hiyo, jamani, si wa kumwogopa? Lakini mume alikuwa ameshanogewa. Alikuwa amechoka kubeba mabunda ya nyaya begani.

"Umempakia nani?" mke akauliza.

"Nimpakie nani? Natoka kwa dalali moja kwa moja."

"Na mkanda umejifunga wenyewe?"

"Mama watoto, usianze."

Ataachaje kuanza? Mtaani walimwita Mkaguzi, maana shati la mumewe halikuingia kwenye beseni kabla kola haijanuswa. Akafungua mkanda, akaketi. Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma, kwa ajili ya mtu mwenye miguu mirefu kuliko yake. Kilikuwa na joto, na palinuka asmini. Wivu ukamshika.

Yeye alikuwa fundi cherehani, basi akajibu kwa anachokijua. Alichukua futi, akapima kile kiti, akashona kava la maua mekundu, akalivalisha na kulikaza kwa sindano ya mkono ili lisitoke. "Hapa ni pangu," alisema. Asubuhi akalikuta kava limekunjwa vizuri juu ya dashibodi. Halikuchanwa hata kidogo. Uzi ulikuwa umefumuliwa mshono kwa mshono, na mahali alipokuwa amekosea pindo, pindo lilikuwa limeshonwa upya, zuri kuliko lake. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Kama una mtu niambie," alimnong'oneza mumewe. "Sitapiga kelele."

"Nakuapia sina." Mume akatazama dirishani, akashusha sauti. "Ila nikiwa peke yangu humo ndani, naongea. Najikuta nasimulia kazi zangu, nani kanichelewesha, nani kanichekesha. Nikinyamaza, nahisi kuna mtu anasubiri niendelee."

"Unamsimulia? Mbona mimi hunisimulii?"

Mnamwona? Mtu anapewa habari ya kumsimamisha nywele, yeye anauliza kwa nini hasimuliwi! Lakini miaka yote ya ndoa, mwanamume yule akirudi kutoka kazini alikuwa anakula na kulala tu.

Mchana ule mume alipojilaza, mke akachukua funguo, akaingia garini, akakaa upande wa dereva na kufunga milango. Mkanda wa pembeni ulikuwa umefungwa tena. Akautazama, na kadiri alivyoutazama ndivyo ile harufu ya asmini ilivyozidi kumjaa puani, na kioo kikaanza kuingia ukungu upande ule tu, taratibu, ukungu unatoka na kurudi kama mtu anayepumua bila haraka, na jasho likamtiririka mgongoni, na mkono ukatafuta kitasa bila kukiona, na bado, hata katika hofu ile, kilichompanda mdomoni kilikuwa wivu.

"Kama wewe ni mke mwenzangu, usijifiche humu kama mwizi," alisema, meno yakigongana. "Njoo nyumbani tujuane."

Ta! Mkanda ukafunguka wenyewe, ukarudi mahali pake polepole. Mke akatoka mbio, viatu akaviacha humo humo.

Kesho yake akamwita mganga. Mzee yule alilizunguka gari, akakaa kwenye kila kiti, akasoma, akafukiza, kisha akafuta mikono.

"Gari hili ni safi."

"Si nilisema!" Mume akacheka kwa furaha. "Basi tunalinunua." Akaingia ndani kumpigia dalali.

Mganga akamsogelea mke. "Alikuwemo," alisema kwa sauti ya chini. "Wa kike. Hao wa kwenye magari wamefungwa humo humo. Hawatoki mpaka mwenye nyumba awakaribishe kwake kwa mdomo wake. Nani kamkaribisha?"

Mke akageuka kuitazama nyumba.

"Mama, nani?"

"Mzee, tulirudishe gari. Leo hii."

"Gari linarudishwa," mganga alisema, akikusanya vitu vyake haraka. "Nyumba utairudisha kwa nani?"

Kutoka ndani ikasikika cherehani ikizunguka. Hakuna mwingine aliyeigusa mashine ile tangu mke ainunue. Na juu ya mlio wake ikasikika sauti ya mumewe, changamfu, inasimulia kazi ya jana, inasimama kidogo, inacheka, inaendelea, sauti ambayo yeye hakuwahi kuisikia ikimwambia neno refu hivyo.

Akaenda mpaka mlangoni kwake. Ulikuwa umefungwa, na asmini ilipita chini yake. Miguu ikakataa kuvuka kizingiti, na mkono, wala hajui kwa nini, ukagonga.

"Hodi," alisema.

Cherehani ikanyamaza.

"Karibu, mgeni," sauti ya kike ikamjibu.