Chupa za Shangazi

Kila jioni ya mashindano, Chiriku alikuwa na kazi moja tu: kuosha chupa za maji za shangazi yake. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shangazi alikuwa akishindana katika mbio za baiskeli za wanawake, mbio za hatua tatu, kila siku barabara nyingine, na muda wa siku zote ukijumlishwa. Baada ya hatua ya kwanza, shangazi ndiye aliyevaa fulana ya njano ya anayeongoza.

"Chomoa na ule mdomo wa kunyonyea, usugue kwa sabuni na maji ya moto," shangazi alimwagiza. "Uchafu unajificha humo ndani. Umenisikia?"

"Nimekusikia, shangazi. Mbona kazi rahisi hiyo!"

Lakini nje wenzake walikuwa wakiruka kamba, na kelele zao zilimtia wazimu. Chiriku alizisuuza chupa harakaharaka kwa maji ya bomba, akazifuta kwa nje mpaka zikang'aa, akatoka mbio. Nani angejua?

Kesho yake, katikati ya hatua ya pili, shangazi alishikwa na tumbo. Alishuka kwenye baiskeli, akatapika kando ya barabara huku wenzake wakimpita. Alijikaza akamaliza, lakini fulana ya njano ilikwenda kwa mwingine.

Jioni ile kocha wake alifika nyumbani. Alikuwa mwanamke asiyependa kuzungukazunguka.

"Jana alikula nini?"

"Wali na maharage," alijibu Bibi, mama yake shangazi. "Nilipika mwenyewe, na sote tulikula."

"Tumbo la mtu aliyechoka si kama lenu, mama. Samahani, lakini leo atakula na kulala kambini kwetu."

Bibi aliingia jikoni, akamwaga chakula chote cha jioni, akaanza kusugua sufuria ambazo zilikuwa safi tayari.

"Labda ni macho yangu," alimwambia shangazi kwa sauti ndogo. "Pengine sikuyachambua vizuri yale maharage. Nisamehe, mwanangu."

Chiriku alisimama mlangoni akitamani ardhi ipasuke immeze. Alijua ukweli, na maneno yake yote yalikuwa yamemkauka. Kisha akamwona kocha akizitia chupa zilezile kwenye mfuko, tayari kwa kesho.

"Si Bibi!" alipiga kelele. "Ni mimi! Chupa sikuziosha. Nilizisuuza tu nikaenda kucheza."

Kocha alichukua chupa moja, akachomoa mdomo wake, akauinua kwenye taa. Ndani mlikuwa na utelezi mweusi unaonuka. Shangazi aligeuza uso. Hakuna aliyemgombeza Chiriku, naye alitamani sana wamgombeze.

Maji yalichemshwa, na Chiriku akazisugua chupa zote mbele ya kocha, machozi yakimdondokea kwenye sabuni.

Siku ya mwisho shangazi hakuugua. Muda aliokwisha kuupoteza haukurudi, na ushindi ulikwenda kwa mwingine. Hata hivyo, alipofika nyumbani, vumbi likiwa bado usoni, alipita moja kwa moja jikoni.

"Mama, nipakulie. Njaa inaniua."

Bibi alimpakulia, akamtazama akila mpaka sahani ikawa nyeupe. Kisha akamwita mjukuu wake, aliyekuwa amejibanza ukutani.

"Kazi uliyopewa ukiilipua, anayeumia anaweza kuwa mtu mwingine kabisa," alimwambia. "Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabeba kosa lako. Shangazi yako amepona kwa siku moja. Lakini ungenyamaza, mimi ningeliogopa jiko langu mpaka nife."

Chiriku alipiga magoti, akamshika Bibi mikono.

"Nisamehe, Bibi," alisema, na hakuongeza neno.